Raba ya Mama Lynette

Wapendwa Wakenya wenzangu wa hapa Brooklyn Center, kando ya Minneapolis, na nyinyi mliohamia Maple Grove na Burnsville mkadhani matatizo yetu hayana gari la kuwafikia huko, nawaomba mnisikilize kidogo. Simsengenyi mtu. Mwenye habari hii mwenyewe amenipa ruhusa. Aliniambia, "Mama Sydney, wewe waambie tu. Labda kuna mwingine atajizuia." Basi nawaambia.

Jumapili moja ya Januari, baada ya ibada, nilikuwa nyumbani kwa Serah, ambaye sisi sote humwita Mama Lynette. Tunaishi jengo moja, wao ghorofa ya juu na sisi ya chini. Nje theluji ilikuwa imefunika magari hata mtu hajui lake ni lipi. Ndani kulikuwa na joto, chapati zilikuwa zinageuzwa, na mumewe, Harrison, alikuwa amesinzia kwenye kochi bado amevaa tai. Binti yao Lynette, msichana wa miaka kumi na sita, alikuwa mezani na kitabu chake cha kuchorea. Nilienda nikaketi karibu naye.

Ukurasa mzima ulikuwa umejaa viatu. Mnajua jinsi milango yetu ilivyo wakati wa baridi: rundo la mabuti, viatu vya michezo vya watoto, na vile viatu vyeupe vya kazini vya akina mama wauguzi. Lynette alikuwa amevichora hivyo hivyo, vimelaliana, vingine vimeinama, kimoja kimefungua mdomo. Huku pembeni kulikuwa na mistari ya kuzungukazunguka isiyokuwa na maana yoyote kwangu.

"Hivi ni nini, Lynette?" nikamuuliza.

"Sijui bado, auntie," akanijibu. Alijibu kwa Kiingereza, kama watoto wetu wote, ila mimi nitamwandikia Kiswahili ili tusichoshane. "Kwanza vilikuwa viatu tu. Halafu hivi viwili vikaanza kama kuongea. Nangoja nione vinasema nini."

Nilicheka nikidhani ni mzaha. Lakini mtoto hakuwa anacheka. Aliinamisha kichwa akaendelea, na penseli ilikuwa inatembea kwenye karatasi bila kusita. Mimi nina watoto, nimeona watoto wengi wakifanya homework, na sijawahi kuona uso uliotulia namna ile.

Lynette alikuwa akisoma somo la kuchora shuleni kwao, kwa mwalimu aitwaye Bi. Halvorson. Mama huyo ana utaratibu wake. Kila kipindi huanza kwa kuchorachora tu. Mwanafunzi anaiacha penseli iende inakotaka, hakuna wa kumwambia achore nini. Baadaye anatafuta katika mikwaruzo ile kitu kimoja kilichomvutia, anakihamishia ukurasa unaofuata, anakikuza, au anakipindua kichwa chini, au anakiunganisha na kingine. Ukurasa wa tatu anakiendeleza tena. Ndivyo wazo linavyotafutwa. Na katika darasa hilo raba ya kufutia ni marufuku, kwa sababu Bi. Halvorson anaamini kwamba mara nyingi mstari uliokosewa ndio unaokuonyesha njia ambayo hukuifikiria.

Sasa sikilizeni jambo lililokuwa mbele ya mtoto huyu. Chuo kimoja cha sanaa mjini Minneapolis kilikuwa kimetoa nafasi moja kwa shule yao. Mwanafunzi mmoja tu angechaguliwa ahudhurie madarasa ya Jumamosi mwaka mzima, bure, akifundishwa na wasanii. Na hao wa chuo hawakutaka picha nzuri ya kutundikwa ukutani. Walitaka kile kitabu chenyewe, waone wazo la mtoto lilianzia wapi na linaelekea wapi. Lynette si mtoto wa kuombaomba. Hajawahi kusumbua wazazi wake kwa simu mpya wala viatu vya bei. Lakini nafasi hii aliitaka hata akawa anaiombea kwenye maombi ya vijana kanisani, mbele ya watu.

Niwaelezee na habari za mama yake, msije mkamfikiria vibaya. Serah ni muuguzi, na ni muuguzi mzuri. Nyumba yake ukiangusha ugali sakafuni unaweza kuuokota ukala. Baba yake alikuwa mwalimu mkuu kule Murang'a, mtu wa kalamu nyekundu, na msemo wake ulikuwa mmoja: daftari chafu, kichwa kichafu. Wale tuliosomea Kenya tunakumbuka siku ya inspekta. Mnakumbuka? Masomo yanasimama, kila mtu anafuta, anapiga mistari ya pambizo, anafunika vitabu kwa karatasi ya khaki, na ole wake atakayekutwa na mchoro wa gari nyuma ya daftari la hesabu. Serah alichapwa kwa sababu hiyo hiyo, na baba yake mwenyewe, mbele ya darasa. Alikuwa amechora ua. Tangu siku hiyo hakuchora tena, na alinisimulia habari hiyo huku akicheka, kama mtu anayesimulia jinsi alivyofundishwa adabu.

Basi ikafika Februari, siku ya mkutano wa wazazi na walimu. Ilikuwa Alhamisi na Serah alikuwa off, hakwenda kazini. Lynette alikuwa amekiacha kitabu chake nyumbani, juu ya meza, akamwambia mama yake asubuhi, "Mum, tafadhali mje nacho jioni. Bi. Halvorson atakichukua hapo hapo awapelekee watu wa chuo." Mama akaitikia kutoka bafuni.

Mchana nilipanda juu kurudisha sufuria yake. Nilimkuta Mama Lynette ameketi mezani, miwani puani, kitabu kimefunguliwa mbele yake, na mkononi ana raba. Vumbi la raba lilikuwa limejaa hadi kwenye kitambaa cha meza.

"Mama Lynette, unafanya nini?"

"Karibu, Mama Sydney. Hebu njoo uone aibu niliyokaribia kuipata leo," akasema. "Tazama. Mikwaruzo! Kurasa nzima! Hiki kitabu kinaenda mpaka college, na hivi ndivyo kilivyo. Wazungu watasema huyu mtoto hana wazazi."

"Lakini ni kitabu cha kuchorea."

"Kuchora ni hivi." Akanionyesha ndege mmoja aliyechorwa vizuri, na waridi, na uso wa bibi yake Lynette ulionakiliwa kutoka kwenye picha. "Hizi nimeziacha, ni nzuri sana. Huyu mtoto ana kipawa, ni vile tu hana mpangilio. Samaki mkunje angali mbichi."

"Umemuuliza mwenyewe?"

Akanitazama juu ya miwani. "Nimuulize nini? Nilipokuwa namuosha akiwa mtoto, nilikuwa namuuliza?"

Hapo nilijua sitashinda. Serah akishaanza usafi hata Harrison huhamia kwenye gari. Nilimwambia ningekuwa yeye ningengoja msichana arudi, akaniambia muda hakuna, nami shift yangu ilikuwa inaanza, nikaenda.

Alichokifanya baada ya mimi kuondoka amenieleza mwenyewe, na nawaomba muone upendo uliokuwemo, kwa maana hilo ndilo linaloniuma. Alifuta kila mstari uliokuwa haueleweki. Penye wino, ambapo raba haikuweza, alichukua wembe akaikata karatasi taratibu ili kitabu kisilegee. Vile viatu vilivyolaliana, na viatu vilivyokuwa vinaongea, na kurasa nyingine za mbele ambako viatu vilikuwa vimeanza kugeuka kuwa watu, wamekaa mkao wa viatu, wazito, wameegemeana, vyote vilikwenda. Kisha akapiga mistari ya pambizo kwa rula. Akachukua mfuko wa karatasi wa dukani, akaukata, akakifunika kitabu vizuri kama alivyofundishwa, akaandika jina la mtoto, darasa na somo kwa mwandiko wake wa kupendeza. Alipomaliza, mgongo ulikuwa unamuuma. Aliniambia kwamba alijisikia mama wa maana siku hiyo.

Jioni wakaenda shuleni, yeye na Harrison. Lynette alikuwa anawangoja mlangoni mwa darasa. Alipokiona kitabu kimevishwa karatasi alitabasamu kwanza, akifikiri mama amekikinga na theluji. Akakifungua. Akageuza ukurasa, akageuza mwingine, akarudi nyuma, akageuza tena haraka haraka. Halafu akaacha kugeuza.

"Mum," akasema, "viko wapi?"

"Vitu gani?"

"Kila kitu."

"Nimekusaidia kukisafisha," Serah akasema, bado anatabasamu. "Umeona ndege alivyotokea vizuri?"

Mtoto hakupiga kelele. Harrison anasema afadhali angepiga. Alikaa kwenye kiti cha karibu, kitabu mapajani, akawa anapitisha kidole pale penseli ilipokuwa imepita, kwa maana karatasi ilikuwa bado na alama za kubonyea. Machozi yalikuwa yanaanguka na hakuyafuta.

Bi. Halvorson alikuja. Alikitazama kitabu, akamtazama Lynette, akaelewa. Ni mama mpole, hakumdhalilisha mtu.

"Mama Lynette," alisema, "ndege huyu na waridi hili binti yako alichora kupumzisha mkono. Alichokuwa anafanyia kazi ni kile ulichofuta."

"Lakini ilikuwa mikwaruzo tu," Serah akajitetea. "Haikuwa imekamilika hata moja."

"Ndiyo. Ndicho walichotaka kuona. Mtu akiwa bado anafikiri, hajakamilisha."

Harrison, ambaye kwa kawaida huongea baada ya kuulizwa mara mbili, akauliza kama mtoto hawezi kuvichora upya. Bi. Halvorson akasema atawaomba watu wa chuo wangoje hadi Jumatatu, na Lynette ajaribu.

Ndugu zangu, mtoto alijaribu. Ijumaa, Jumamosi, hata Jumapili hakuja kanisani. Nilipanda kumpelekea mandazi nikamkuta anachora viatu vile vile, na nilivitambua. Lakini hata mimi nisiyejua kuchora niliona kuna kitu kimekosekana. Viatu vilikuwa vimepangwa. Kila kimoja kilikuwa kinajua mahali pake. "Auntie," akaniambia, "mara ya kwanza sikujua ninachotafuta. Sasa najua, kwa hiyo sitafuti, nakumbuka tu. Na mahali nilipokuwa ninaelekea nimepasahau." Akaiweka penseli chini.

Maji yakimwagika hayazoleki. Jumatatu kitabu kilipelekwa, na nafasi ikaenda kwa mtoto mwingine. Bi. Halvorson aliwapigia simu mwenyewe. Harrison ndiye aliyepokea, akasema asante, akakaa kwenye gari kwa muda kabla ya kupanda juu.

Sasa, mzazi wetu akikosa hufanya nini? Haombi msamaha. Anapika. Serah alipika mukimo, akapika kuku, akapika pilau katikati ya wiki kana kwamba kuna arusi. Lynette alikula, akashukuru, akaosha vyombo. "Ni sawa, mum," alisema. Siku moja Serah alijikaza akalitamka lile neno gumu, samahani, amesimama mlangoni mwa chumba cha binti yake. Lynette akamkumbatia. Akamwambia amemsamehe, na nawahakikishia kwamba alimsamehe kweli, mtoto yule hana kinyongo.

Tukadhani yamekwisha. Kumbe ndiyo yalikuwa yanaanza.

Lynette alianza kuwa nadhifu. Madaftari yake yakawa na pambizo. Akanunua raba nzuri, akawa anatembea nayo hata darasani kwa Bi. Halvorson, ambako ni marufuku, mwalimu akamruhusu kwa kumwonea huruma. Alikuwa anachora mstari, anaufuta, anachora, anaufuta, hadi kipindi kinakwisha. Ile karatasi ya matangazo ya kanisa, ambayo zamani alikuwa anaijaza macho na mikono na paka wakati wa mahubiri, sasa aliirudisha safi kama ilivyotoka kwenye mashine. Mchungaji alimsifu kwa usikivu wake. Maksi zake zilikuwa nzuri katika masomo yote. Serah naye, Mungu amsamehe, kwa wiki kadhaa alifurahi. Alinyamaza tu, lakini mimi namjua.

Ikafika Mei, karibu na Siku ya Akina Mama. Umoja wa akina mama kanisani ukataka bango kubwa la kitambaa la kutundikwa nyuma ya kwaya. Tulikuwa tumekaa kwa Serah, tunakunywa chai, na mmoja wetu akasema, "Si Lynette anachora? Atutengenezee." Serah uso ukamng'aa. Nadhani aliona hapo nafasi ya kumrudishia mtoto kitu. Akamwita.

"Lynette, auntie zako wanataka uwachoree bango. Kubwa! Utakubali?"

"Sawa, mum," Lynette akasema kwa heshima. "Nionyesheni picha nitakayonakili."

"Hapana, chora yako," Serah akasema. "Chora chochote unachotaka. Hata kama ni viatu."

Lynette alisimama pale na alifikiri kweli, nilimwona. Alitazama meza, akatazama dirisha, akatutazama sisi mmoja mmoja kama mtu anayetafuta funguo ndani ya begi. Mwishowe akasema, bila hasira yoyote, "Mum, ukinipa ya kunakili nitaichora vizuri sana. Hutaona kosa hata moja."

Serah akatafuta picha kwenye simu. Alipata moja, mama na mtoto chini ya jua, ile ya kila kadi. Lynette akainakili. Na hakukosea. Siku ya sherehe bango lilipofunuliwa kanisa zima lilipiga makofi, watu wakasimama kupiga picha, na mchungaji akasema kipawa hiki kimetoka kwa Bwana. Lynette alitabasamu akaketi.

Mimi nilikuwa namtafuta Serah nimpongeze, nikakuta kiti chake kitupu. Nilimpata kwenye maegesho, amesimama kando ya gari lao akiwa bado na ua la Siku ya Akina Mama kifuani. Alikuwa analia kwa sauti, yeye ambaye sijawahi kumwona akilia hata msibani.

"Mama Sydney," akasema, "umeiona ile picha? Ni safi. Haina kosa. Na si ya mtoto wangu. Baba yangu aliponichapa kwa lile ua alitumia kiboko. Mimi sikuhitaji hata kiboko."

Nilimshika mkono tukasimama hapo mpaka kwaya ilipomaliza kuimba.

FUNZO

Wazazi wenzangu, nasema hili kwa upendo, na kwa ukali kidogo pia kwa sababu nawajua.

Tulikuja nchi hii na mizigo, na si yote ilipimwa uwanja wa ndege. Mmoja wa mizigo hiyo ni hofu ya inspekta. Tunaishi kana kwamba kuna mtu anakuja kesho kukagua madaftari ya watoto wetu, na akikuta mkwaruzo atatuona sisi ni watu bure. Inspekta huyo haji. Alistaafu zamani, mwacheni apumzike.

Wazo jipya haliji likiwa limevaa suti. Linakuja limevurugika, halijui linakwenda wapi, na mtoto anapolichorachora pembeni mwa karatasi, yuko kazini. Hachezi wala hapotezi muda. Ukimfuta mkwaruzo leo, kesho atajifuta mwenyewe kabla hujafika. Na ukimwona amekuwa msafi na mtulivu na hana kosa hata moja, usikimbilie kushukuru. Muulize kwanza anafikiria nini siku hizi, uone kama ana jibu.

Mnunulie kitabu kisicho na mistari. Usimuulize "hii ni nini?" kila unapopita, kwa sababu mara nyingi yeye mwenyewe hajajua. Na kabla hujagusa kazi yake kwa nia njema, ngoja arudi kutoka shuleni umuulize. Nia njema ya mzazi ina nguvu kuliko kiboko, na mtoto mwenye adabu hataizuia.

Lynette atamaliza shule mwakani na kila mtu anamtabiria mema. Bi. Halvorson bado anamwekea karatasi nyeupe mezani kila kipindi, anamwacha nayo, wala hamsemeshi. Sisi tunaomba. Nanyi mkikumbuka, mwombeeni, halafu nendeni nyumbani mkaziache raba zenu mahali zilipo.